Michoro Kwenye Kamba: Na Taarab kutoka Unguja hadi Lamu

Jumatatu, Mji Mkongwe

Mwaliko wa Lamu ulikuja kwa ujumbe wa sauti: njooni mpige taarab Jumatano ya wiki ijayo, mbele ya ngome, na yule dada wa fidla asisahau madaftari yake, tutamtundikia michoro uwanjani. Wenzangu walicheka. Wao madaftari hayo wanayajua kwa jambo moja tu, kuchelewesha gari.

Kuyaacha siwezi. Mpiga muziki akiwa safarini kazi yake kubwa ni kusubiri. Jukwaani unakaa saa mbili, ukizidi sana tatu. Zilizobaki unasubiri boti, unasubiri spika, unamsubiri bwana harusi, na kuliko wote unamsubiri mpiga kanuni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya chumvi ikiigusa zote zinahama. Akimaliza kulinganisha za juu, za chini zimeshalegea. Tunasimuliwa kwamba enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alitumwa mtu Misri akajifunze ala hii. Mimi husema huyo bwana alirudi na subira pia, nayo imerithiwa na mpiga kanuni wetu peke yake. Nimemchora yeye kuliko binadamu mwingine yeyote: kichwa kimeinama, sikio linakaribia kugusa nyuzi, ufunguo mkononi, na nyuma yake sisi sote tumechoka.

Leo nimetandaza madaftari sakafuni nichague. Soko la Mutrah, Maskati: bibi aliyevaa barakoa akinunua ubani, ambaye aliniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kabisa natoka mtaa gani. Berlin, kituo cha treni usiku: besi letu limeegemezwa ukutani, abiria wanalizunguka kwa adabu. Vibaraza vya Beit al Ajaib nilivyovichora nikiwa Forodhani, kabla ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu kubwa ya jumba ilipoanguka. Migongo mingi. Mikono mingi. Viatu vilivyovuliwa mlangoni mwa nyumba za harusi, hivyo ndivyo vingi zaidi.

Iliwahi kutokea michoro hii ikatundikwa kwenye korido ya hoteli, ndani ya fremu, na vioo juu. Wageni walikuwa wakiipita asubuhi kwenda kunywa chai, na jioni wakirudi vyumbani. Hakuna aliyebisha. Hakuna hata aliyeuliza huyu ni nani. Ndiyo maana ujumbe wa Lamu umenipa joto: uwanjani, mbele za watu, penye kupita punda na watoto wa chuoni.

Nimefunga penseli mbili laini, kalamu ya wino mweusi usiochuja, kisanduku cha rangi za maji, na pakiti ya vibanio vya nguo. Brashi ni moja. Rangi ya udongo sibebi, kahawa chungu inatosha.

Jumanne, baharini na Dar es Salaam

Kusi limeanza kazi mapema mwaka huu. Boti ya saa moja asubuhi ilitoka bandarini kwa heshima, ilipofika mkondo mkubwa ikaanza kuinuka na kushuka, na vijana wa boti wakapita wakigawa mifuko. Nilichora mkono mmoja tu, wa bibi aliyekaa mbele yangu, umeshika chuma cha kiti mpaka mishipa imesimama. Mchoro mzuri. Mstari umetetemeka wenyewe, mimi sikuongeza kitu.

Juu ya sitaha maji yalipiga, begi la madaftari likalowa upande mmoja. Nilimwonyesha Bi Mkubwa, mwimbaji wetu, akasema tutayaanika. Kisha akaanza kumzungumza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, kama afanyavyo kila tukivuka maji. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Bi Mkubwa huwaza sauti zao. Mimi huwaza walichokiona: bandari ya kule asubuhi ya kwanza, chumba cha kurekodia, vyombo vimepangwa sakafuni. Ningetoa fidla yangu nipate ukurasa mmoja wa safari ile.

Dar tumepiga ukumbini, watu wamekaa kwenye meza, wamekula, wamepiga makofi, wameondoka. Sikuchora.

Jumatano, njia ya Tanga

Ndani ya basi huwezi kuchora kitu kizima. Unachora kipande, barabara inakunyang'anya, unachora kingine. Chalinze: beseni la mayai ya kuchemsha kichwani, bila kichwa chenyewe. Segera: mkono wa muuza machungwa umenyooshwa dirishani. Baadaye mashamba ya mkonge, na mkonge unasamehe, maana umepandwa kwa safu na safu zote zinafanana. Ukikosa moja unachora inayofuata.

Muheza tulisimama kwa muda, na hapo nikapata mchoro wa wiki. Mwanamke amesimama kituoni ametupa mgongo, mtoto kiunoni, kanga imekaa sawasawa hata jina lake linasomeka lote: UMDHANIAYE NDIYE SIYE. Sikuwa na haja ya uso. Niliandika zile herufi kwa uangalifu kuliko nilivyomchora mtoto, na dereva akapiga honi.

Alhamisi, Tanga

Harusi iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Tanga ni mji ambao mwanamuziki wa taarab hufika kwa heshima kidogo. Huku ndiko vikundi kama Black Star na Lucky Star vilikotia magitaa ya umeme kwenye taarab, miaka ambayo sisi wa Unguja bado tulikuwa na fidla safu nzima, na Shakila Said alianza kung'ara kwenye vikundi hivyo hivyo. Bado ukizungumza na wazee wa hapa wanakuambia taarab ya Unguja ni tamu ila ina usingizi.

Asubuhi tuliyaanika madaftari. Bi Mkubwa aliomba kamba kwa wenye nyumba, tukapewa ya mkonge, nene, yenye vinyweleo, akaifunga kutoka dirishani hadi kwenye mti wa mwembe ulio nje, na kila ukurasa uliolowa nikaubana kwa kibanio. Nia yetu ilikuwa ukauke, basi. Lakini ua ule hauna ukuta. Aliyepita na baiskeli alisimama. Kisha wa pili. Kabla ya adhuhuri palikuwa na watu zaidi ya walioalikwa harusini.

Nikakaa kizingitini kusikiliza, kwani nilikuwa nikimenyana na bizari ya wenye nyumba na mikono yote ilikuwa ya manjano. Hakuna aliyesema mchoro huu mzuri au mbaya. Walikuwa wanatafuta watu. "Huyu si mjomba wake fulani?" "Viatu hivi navijua, hivi vya mke wa mwalimu." Viatu nilivichora Wete, Pemba, mwaka juzi.

Walipofika kwenye ile kanga ya Muheza pakawa kimya, halafu pakawa na kelele. Mama mmoja wa jirani alijitokeza, akausoma mgongo ule kwa sauti, akageuka kutafuta mchoraji.

"Wewe binti, nani kakutuma?"

"Shikamoo mama. Hakuna aliyenituma. Nimemchora jana Muheza, tukipita na basi."

"Muheza!" Aliwageukia wenzake. "Si nilisema? Dada yake ameolewa Muheza!"

Yule aliyekusudiwa, nilikuja kujua baadaye, alikuwa jikoni akikuna nazi kwa ajili ya pilau la watu mia tatu na hakuwa na habari yoyote. Bi Mkubwa aliniondoa kwa kuniita nikaonje sauti ya fidla. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Yeye ameimba miaka mingi, na kila wimbo aliowahi kuimba umepata mtu wa kusema nimepigwa mimi. "Sasa umeingia kazini," aliniambia. "Ukiimba neno tu, mwenye lake anajitokeza."

Jioni nilipiga upande wa wanawake. Huku sichori nyuso, na hata daftari silifungui bila kumwambia mwenye shughuli. Waliomo ndani wamevua mabuibui kwa sababu wanaaminiana, na penseli ni jicho la mtu mwingine hata ikiwa mkononi mwangu. Nilipewa ruhusa ya kuchora mikono ya bibi harusi, hina imeshakauka, sindano za wino mweusi za mchoraji hina zimekaa pembeni. Yule mchoraji hina alinitazama nikifanya kazi, akaniambia mstari wangu unakwenda polepole mno. Wake unakwenda mara moja, haurudi nyuma. Ngozi haifutwi.

Usiku kabla ya kulala niliomba ile kamba ya mkonge tuondoke nayo. Wakatupa.

Ijumaa, Horohoro na kuendelea

Mpakani afisa alifungua kisanduku cha fidla, akafunga. Akafungua daftari, hakufunga. Akapitisha kurasa moja moja, foleni nyuma yangu inahema.

"Unakwenda kuuza?"

"Kuonyesha tu, uwanjani."

"Kiingilio?"

"Bure."

Akafikiri. Akaandika *vitu binafsi*, akanirudishia. Upande wa Lungalunga tulipanda gari jingine na besi likapanda juu ya keria. Kamba iliyokuwepo haikuaminika, hivyo ile ya mkonge ikatumika kulifunga, nikajua sitaiona tena mpaka safari iishe.

Kivuko cha Likoni tulikifikia magharibi. Umati mzima unashuka mteremko kwa pamoja, umenyamaza, unatembea haraka, kisha ngazi za chuma zinanyanyuka na kila mtu anatazama Mombasa. Nimejaza kurasa nne kwa migongo.

Jumamosi, Mombasa

Hapa hatupigi mpaka kesho usiku. Leo ni siku yangu.

Madaftari yangu ni madogo, ukurasa mmoja unaenea kwenye kiganja, na Tanga ilinifundisha kwamba watu wakizidi watano wa nyuma haoni kitu. Nikaenda duka la stesheneri karibu na Mwembe Tayari, nikatoa fotokopi kubwa. Mashine ilifanya uamuzi wake. Mstari wa wino umekuja mnene na mweusi kuliko asili, lakini rangi ya kahawa imegeuka kijivu chenye madoa. Bahari ya boti ya Dar imekuwa saruji. Basi nikanunua kahawa chungu kwa wauza kahawa wa Mji wa Kale, vikombe kadhaa, mwenye dele akidhani mimi mnywaji hodari, nikazirudishia rangi nakala zote kwa brashi, juu ya sakafu ya nyumba tuliyofikia. Kahawa ya tangawizi inaacha chenga. Zinapendeza kwenye mchanga, kwenye anga hazifai.

Alasiri tukatundika Gavamenti Skwea, pale karibu na bandari ya kale, kwenye vyuma vya madirisha ya nyumba ya rafiki wa mpiga udi. Mahali pazuri mno kwa kazi hii. Wauza samaki hapo, wazee wa kahawa hapo, watalii wanaoteremka kutoka Fort Jesus hapo, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo kila mpiga picha anasimama mbele yake. Watalii walitazama vibaraza vya Beit al Ajaib, wakaondoka. Wazee walikuja kwenye jahazi.

Ni mchoro wa zamani kidogo, chombo kimelala bandarini Malindi ya Unguja, tanga limeteremshwa nusu. Mzee wa kwanza, kofia ya vito, bakora:

"Mashua hii."

"Mashua iko wapi hapa?" akajibu wa pili. "Jahazi. Tazama shetri."

"Jahazi la wapi basi?"

"La Lamu."

"La Lamu omo lake limesimama wima. Hili limelala. La Unguja hili, tena la zamani."

Wakaja kwenye upepo. Mmoja anasema ni kusi, angalia chombo kilivyojivuta kwenye nanga. Mwingine anasema huwezi kujua kusi bila kujua mji uko upande gani, na mji hauonekani. Mnara wa msikiti unaonekana, akasema wa tatu aliyekuwa hajatia neno, na ule mnara naujua. Wakanyamaza wakihesabu vichwani. Nikaugeuza mchoro halisi ulioko daftarini, nyuma nimeandika *Januari*.

"Kaskazi," akasema wa tatu, ameridhika.

"Basi mwaka huo kaskazi lilichelewa," akasema wa kwanza, na hapo ndipo alipobaki mpaka adhana ya magharibi.

Nilikuwa nimekaa nao muda wote huo, na kahawa ikalipwa na mtu nisiyemjua. Mmoja wao alikuwa ameuona udi wa Zein l'Abdin kwa karibu, ujanani, kwenye harusi za mji huu, akaanza kutueleza alivyokuwa akishika risha. Mpiga udi wetu alisogea. Mzee aliinua mkono wake mtupu hewani, akauonyesha mshiko ule, kidole gumba ndani, kiwiko kimebana ubavuni, na nikauchora mkono wa mzee badala ya mkono wa Zein. Sasa nina mchoro wa mpiga udi asiye na udi. Nimeutundika pale pale, wino haujakauka, pembeni ya jahazi.

Jumapili, Mombasa

Tumepiga. Watu wametunza vizuri, Bi Mkubwa noti zimemjaa mpaka kwenye mtandio. Rika, lile tari dogo la vikengele, limepasuka ngozi katikati ya wimbo wa pili na mpigaji ameendelea kwa pembe yake tu, vikengele vikilia, na wachezaji hawakujua.

Jumatatu, barabara ya Lamu

Tumeondoka alfajiri. Mtwapa, Kilifi, Malindi, halafu nchi inalala chini na kupanuka. Garsen tukavuka mto Tana, mpana, wa rangi ambayo kwa mara ya kwanza kahawa yangu imeipata bila kuongezewa kitu. Vituo vya ukaguzi ni vingi njia hii. Kila kituo tunashuka, tunapanga mstari, vitambulisho mkononi, tunapanda. Huko huwa nafunga daftari na kuliweka chini ya kiti. Mtu aliyeshika bunduki hapendi kuona mtu aliyeshika penseli anamtazama, na ana haki yake.

Witu mvua nyembamba ya kusi ilitukuta. Besi juu ya keria limevishwa plastiki mbili na mpiga besi hakulala hata dakika. Alikuwa akiinua macho kila gari likiruka shimo, akitazama dari la basi. Huyo nimemchora mara tano. Mara zote tano ametoka sawa, macho juu, utasema anasoma kitu kilichoandikwa kule.

Mokowe tukashuka kwenye boti. Mji wa Lamu unakuja polepole, kwanza minazi, kisha minara, kisha nyumba za mbele zote kwa mkupuo. Wenyeji wetu wamekaa gatini tangu saa nane.

Jumanne, Lamu

Uwanja wenyewe ni Mkunguni, mbele ya ngome, chini ya ile mikungu mikubwa yenye kivuli kinachogombaniwa na mabaraza yote ya mji. Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ikaja ikawa jela mpaka 1984, sasa ni makumbusho. Mji wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wetu. Wenyeji walilitaja hilo la mwaka mmoja kabla mimi sijalitaja.

Kamba ya mkonge bado imelifunga besi kwenye troli, na mpiga besi hataki kuifungua. Kijana mwenye punda akatuazima ya kwake, tukaitandika kutoka mti hadi mti.

Kusi lilikuwa linatungoja. Tulipobana nakala ya kwanza iliinuka ikakaa mlalo hewani. Vibanio viwili juu havitoshi. Tukavuta uzi wa pili wa kuvulia samaki chini, tukabana kila karatasi pembe zote nne, zikatulia lakini zikaanza kuvimba katikati na kupiga kelele za tanga bovu. Nahodha mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za ngome alitutazama muda mrefu. Mwisho alikuja na kisu, akachana kijidirisha kidogo cha mwezi katikati ya kila karatasi tupu niliyompa ajaribie, akaonyesha upepo unapitia wapi. Kwenye michoro yenyewe tulichana penye anga tu. Kelele zikaisha.

Baada ya alasiri alikuja Maalim wa chuo kilicho mtaa wa nyuma. Wanafunzi wake hupita uwanjani hapo kila siku. Alitembea kamba yote toka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma.

"Mwanangu, umechora watu."

"Naam, Maalim. Migongo, mikono, viatu."

"Nimeona. Na uso mmoja."

Uso mmoja ulikuwepo, wa mpiga kanuni, kwa ruhusa yake mwenyewe. Maalim hakupandisha sauti. Alisema kwamba taswira ya mwenye roho ni jambo ambalo wanavyuoni wana maneno nalo, na watoto wake wanafundishwa hilo. Yeye haji kunikataza mgeni, ila uso ule angependa ukae pahala ambapo mtoto hapiti. Nikaona ni ombi la haki. Uwanja ni wao, mimi nimepewa kivuli tu. Tuliuhamishia ndani ya lango la ngome, kwenye baraza la mlinzi, mkono wa kulia ukiingia.

Baada ya isha nilipokwenda kuangalia kama karatasi zimelala salama, nilimkuta Maalim huko ndani na tochi ya simu. Aliuliza huyu mpiga kanuni ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Akasema nilidhani hivyo, baba yake alikuja hapa kwenye Maulidi, alilala nyumbani kwetu. Akautazama tena, akazima tochi.

Jumatano, Lamu

Asubuhi ni ya watoto. Wanataka kujua bei ya penseli, wanataka kujua kama nikichora punda punda ataingia. Nimechora punda kwa kuombwa mpaka mkono umeingia ganzi, wote wamefanana na wote wamepewa majina. Mmoja wa kweli, mwenye kidevu cheupe, amesimama chini ya kamba yenyewe muda mrefu akinusa mchoro wa Berlin. Nikamchora naye, na kamba ikiwemo.

Ile kanga ya Muheza niliitundika makusudi katikati, nione. Wanawake wa Lamu walipita mmoja mmoja, wakasoma, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyelia kuwa amepigwa. Nikadhani labda huku mambo ni mengine, mpaka mwenyeji wetu aliponiambia kuwa tangu jana jioni nyumba mbili za mtaa wa Langoni hazisalimiani, na mchoro umetajwa.

Usiku uwanja ulijaa kutoka ngomeni hadi kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Tulipiga huku michoro ikiwa bado kambani, taa za jukwaa zikiipiga kwa nyuma, kila mstari ukaonekana kinyume. Wimbo wa tatu watu wakaanza kuinuka kutunza. Mama mmoja alikuja akicheza taratibu, noti imeshikwa kwa vidole viwili, akampita Bi Mkubwa, akampita mpiga udi, akaenda kwenye kamba na kuibana noti ile kwenye mchoro wa mpiga besi anayetazama dari la basi. Watu walipiga vigelegele. Baada yake wakaja wengine. Mpiga udi asiye na udi alipata nyingi. Viatu vya Wete vilipata. Upepo ukanyakua mbili, watoto wakazifuata hadi gatini.

Tulipomaliza ukazuka ugomvi mkubwa kuliko wote wa safari hii. Mpiga besi alisema noti zilizobanwa kwenye sura yake ni zake, yeye ndiye aliyetunzwa. Mimi nikasema aliyetunzwa ni mchoro. Mpiga kanuni, ambaye sura yake ilikuwa ndani kwa mlinzi na haikupata hata senti, alisema zote ziende mfuko wa kikundi. Bi Mkubwa alituacha tuseme mpaka tukachoka, akauliza fotokopi za Mombasa zililipwa na nani. Na mfuko wa kikundi. Basi zikarudi huko, na zilizobaki zikaenda kwenye samaki wa kupaka na mikate ya mofa saa saba ya usiku. Mpiga besi alikula kuliko sote, kufidia.

Alhamisi, Lamu

Boti ya kwanza ya Mokowe inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nilitangulia uwanjani kushusha michoro. Nakala nyingi nimeziacha: jahazi kwa yule nahodha, Beit al Ajaib kwa makumbusho wakitaka, viatu kwa yeyote. Uso wa mpiga kanuni haukuwepo langoni. Mlinzi alisema Maalim ameuchukua baada ya alfajiri, ameufunga kwenye gazeti, ameacha sahani ya halwa.

Nilikuwa nimebakiza vibanio vichache pale kijana mwenye punda alipokuja mbio, kanzu imekunjwa hadi magotini.

"Dada, kamba."

"Ahsante sana, bwana. Imetusaidia."

"Imenikosesha. Punda yangu alilala Shela, siku mbili sina cha kumfungia, na saa moja ana mifuko ya saruji." Alikuwa ameshaanza kufungua fundo upande wake. Kisha akaona mchoro wa punda mwenye kidevu cheupe, akausogelea, akausoma wote, kuanzia masikio hadi fundo la mtini. "Huyu yeye. Na hii kamba yangu, umeichora."

"Ni yako, chukua."

"Niandikie na tarehe hapo chini," alisema. "Mwenye saruji haniamini."